Wazee Kwanza

Kila asubuhi kabla ya chai, Namkunda alipita kwenye vizimba akiwa na sahani ya ndizi zilizokatwa vipande na trei ya sindano. Tumbili walimjua. Walikuwa wamefundishwa kupitisha mkono kwenye tundu la kioo, kushika upau wa mpira na kutulia, naye alitoa damu kidogo, akakandamiza pamba, akalipa kipande cha ndizi. Mbele ya watu sauti yake ilizoea kukwama kooni, lakini na tumbili aliongea bila shida. Aliwauliza wamelalaje. Aliwaomba radhi kwa sindano, kila mmoja kwa zamu yake.

Alikuwa amefika kizimba cha mwisho pale mnara ulipobadilisha sauti.

Mnara ulisimama kilimani nyuma ya maabara, na tarafa nzima ya Vumbwe ilikuwa imeuzoea mvumo wake kama mtu anavyozoea mvumo wa friji. Sasa ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Tumbili wote walirudisha mikono ndani kwa pamoja. Namkunda alibaki na sindano hewani. Mlio ule waliufanyia mazoezi kila mwaka, na maana yake ilikuwa moja tu: homa imevuka mto. Kesho asubuhi mnara utaziamsha punje za dawa zilizopandwa mikononi mwa watu.

Mkono mmoja ulikuwa bado uko nje ya tundu. Ulikuwa wa jike mzee aliyeletwa juzi na askari wa wanyamapori, mguu umevunjwa na mtego. Watunza vizimba walimwita Mama Mkwe kwa sababu alimtazama kila mtu kama amekosea jambo. Labda alikuwa kiziwi. Hakuwa sehemu ya utafiti. Tumbili wa kituo walizaliwa humohumo ndani, walikula chakula kilichochemshwa, na hakuna aliyewahi hata kukohoa. Mama Mkwe alitoka porini na makovu yake.

Namkunda alimtoa damu kwa sababu mkono ulikuwa umeshanyooshwa, na aliona vibaya kuuacha hivyo.

*

Ndani ya maabara watu wote walikuwa wakijigusa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, pale ilipolala punje. Hakuna aliyejitambua kwamba anajigusa.

"Mtani," alisema Daktari Kaanaeli, mkuu wa kituo, akivaa koti lake jeupe. "Homa imefika. Nyie Wapare mmeshaifungulia kesi?"

Siku nyingine Namkunda angemjibu kwamba Wachaga tayari wameshaanza kuiuzia soda. Ndivyo walivyoamkiana tangu alipoajiriwa, na utani ule ndio uliomfanya azoee kuongea na mkubwa wake. Leo alitikisa kichwa tu, akawasha mashine.

Sheria ilidai benchi la ulinganishi lifanye kazi moja kabla ya kila uamsho. Lichukue damu mpya ya tumbili na damu mpya ya binadamu, litazame kipokezi, ile protini juu ya seli ambayo dawa inaishika, na mlinganishi atamke neno moja mnara ulisikie: zinafanana. Bila neno hilo mnara haukuamsha kitu. Mlinganishi wa Vumbwe alikuwa Namkunda. Kila mtu aliona kazi hiyo kama kuvaa kofia kabla ya gwaride. Protini ya kipokezi cha tumbili na ya binadamu zilikuwa zimeshasomwa miaka mingi iliyopita, herufi kwa herufi, na hapakuwa na herufi iliyopishana.

Dawa yenyewe iliitwa Mlinzi. Ililala ndani ya punje, na punje ilipofunguka iliingia kwenye damu, ikakamata kipokezi kwenye seli za kinga na kuziambia ziinuke. Haikuhitaji kuijua homa wala kuingoja. Punje zilikuwa zimeshapandwa tarafa nzima, lakini hazikuwa zimewahi kuamshwa. Hii ingekuwa mara ya kwanza.

Namkunda alizitia seli rangi. Kijani kilishika kipokezi. Njano ilishika seli zenye kumbukumbu, zile zilizowahi kupigana na ugonjwa zikashinda na kubaki zikiukumbuka. Kwenye damu ya tumbili wa kituo njano ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Hawakuwa na cha kukumbuka. Kwenye damu yake mwenyewe njano ilikuwa kiasi, na kila penye njano palikuwa na kijani.

Kisha, kwa kuwa kichupa kilikuwepo, akaweka damu ya Mama Mkwe.

Njano ilijaa kama maua ya alizeti. Alitafuta kijani. Aliosha, akarudia, akabadilisha rangi akidhani imeharibika. Seli changa za mzee yule zilikuwa na kijani chake kama kawaida. Zile zenye kumbukumbu hazikuwa nacho hata moja.

Alimwita Daktari Kaanaeli, akamwachia kiti. Daktari alitazama kwa muda mrefu.

"Protini ni ileile," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa.

"Ni ileile," Namkunda alisema. "Ila tumbili akiugua akapona, seli iliyopigana inaivua. Sisi hatuivui. Tunabaki nayo mpaka uzee."

Hawakuhitaji kuelezana zaidi. Mlinzi alipojaribiwa kwa tumbili aliamsha seli changa tupu, askari wasiojua adui ni nani, wakainuka taratibu na kupanga mstari. Kisha akajaribiwa kwa wanafunzi wa chuo, vijana waliozaliwa baada ya malaria kufutwa nchini, nao walipata joto kidogo na kupewa juisi. Hakuna aliyewahi kumwamsha ndani ya mtu ambaye mwili wake ulikuwa na vita vya miaka sabini.

Na wazee ndio waliopewa kwanza. Punje zilipofika Vumbwe hakukuwa na mjadala. Huwezi kumpakulia mjukuu huku babu yake anatazama sahani tupu. Kampeni iliitwa Wazee Kwanza, bango lake bado lilikuwa ukutani: bibi mmoja mwenye kilemba amekunja mkono wa gauni, anacheka. Watoto walifuata. Watu wa makamo walipata zilizobaki.

"Tunahitaji damu ya mzee," Daktari Kaanaeli alisema.

Namkunda alikuwa tayari anavua glavu.

*

Baba yake, Mzee Mbonea, alikuwa barazani akimenya tangawizi kwa kijiko, kama alivyofanya maisha yake yote. Vone alikaa miguuni pake akipanga maganda. Alikuwa mtoto wa dada yake Namkunda aliyefariki, umri wa miaka mitano, na tangu akiwa anatambaa alilelewa na babu kuliko mtu mwingine yeyote.

Namkunda alimwamkia. Mzee akaitikia marahaba, akauliza kama mlio ule ni wa kweli au ni mazoezi. Alipoambiwa ni wa kweli aliuliza kama sukari itapatikana. Alikunja mkono wa shati kabla hajaombwa mara ya pili.

"Mishipa hii bado mizuri," alisema akiutazama mkono wake. "Malaria imepita humu, sijui mara ngapi. Surua. Kipindupindu cha mwaka ule wa mvua. Homa ya matumbo mara mbili. Kifua kikuu kikanilaza mpaka mama yako akaanza kuniaga. Mwili huu umesoma shule zote, mwanangu. Hakuna mwalimu asiyenijua."

Namkunda alikandamiza pamba muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kila ugonjwa aliotaja ulikuwa jeshi lililolala, na kila jeshi lilikuwa na kipokezi chake cha kijani.

Vone alitaka pamba pia. Akabandikiwa juu ya kiwiko, na chini ya kidole chake Namkunda aliisikia punje ya mtoto, ndogo kama chembe ya mchele.

Mzee aliuliza damu ni ya nini. Alijibiwa ni ya vipimo. Alimtazama binti yake, kisha akarudi kwenye tangawizi yake.

"Haya, fanyeni mnavyoona inafaa," alisema. Alisema hivyo kuhusu kila kitu, mahari, mazishi, hata rangi ya mlango, na mara nyingi ilimaanisha ana neno lakini hataki kulisema.

*

Kwenye kichupa cha damu ya Namkunda, tone la Mlinzi lilileta joto kidogo. Kwenye kichupa cha damu ya baba yake seli zilianza kuitana. Kila seli iliyoamka ilimwaga protini za wito, na kila wito uliamsha nyingine. Mashine ilihesabu, ikafika juu ya kipimo, ikasimama na kuomba sampuli iongezwe maji. Namkunda aliongeza maji. Ikaomba tena. Damu ilikuwa imeanza kuganda ukutani mwa kichupa.

Mratibu wa afya wa tarafa, Bi Hedwiga, aliingia kwenye skrini akiwa amefunga kitenge kichwani, macho yake mekundu. Alisikiliza bila kukatiza. Kisha wakapitia milango yote mmoja mmoja, na kila mmoja ulikuwa umefungwa na mtu mwenye nia njema. Punje isingeweza kutolewa, ilikuwa imetia mizizi nyamani na ikiguswa na kisu inajifungua. Wazee wasingeweza kufichwa chini ya ardhi, kwani punje isiposikia mnara kwa muda inajifungua yenyewe, ili hata vita vikiangusha minara watu wabaki na kinga. Mnara haukujua kuchagua. Uliita tarafa nzima kwa wakati mmoja. Barabara zilifungwa tangu mlio.

Wakiamsha, watoto watapona, kwa kuwa kumbukumbu zao ni chache. Wazee watakufa jioni hiyohiyo, walio wengi. Wasipoamsha, wazee watabaki, maana homa nyingine ndogo, ya ukoo mmoja na hii, iliwapitia utotoni na miili yao inaikumbuka. Watoto wa tarafa jirani, ambako mnara ulikuwa haujajengwa, walikuwa wanazikwa wawili wawili.

Bi Hedwiga alisema mama yake mzazi anaishi chini ya mnara huo. Aliomba neno la benchi litolewe kimya kimya, ili wazee walale usingizi wao wa mwisho kwa amani.

Namkunda alisema jambo, hakuna aliyesikia. Alirudia. Alitaka wazee waulizwe.

Daktari Kaanaeli ndiye aliyepinga, na alipinga kwa upole. "Ukimwuliza mzee mbele ya mjukuu wake kama yuko tayari, umeshamjibia," alisema. "Atasema nini, Namkunda? Hapana?"

Siku zote alimwita mtani; hakuwahi kumwita kwa jina.

"Tusipowauliza," alisema Namkunda, "tutakuwa tumewafanya kama wale walioko kwenye vizimba. Na hata wale tunawaomba mkono."

Mabishano yaliendelea mpaka chai ikapoa mezani. Kila alichosema Daktari kilikuwa kweli, na Namkunda alijua ni kweli, lakini hakuweza kufikiria kutamka lile neno wakati baba yake anamenya tangawizi bila habari. Mwishowe Bi Hedwiga alikubali. Aliwakumbusha kwamba, wazee waseme wasiseme, neno ni la mlinganishi.

*

Waliitwa uwanjani mwa kituo alasiri. Viti vya mbele viliachiwa wazee, kama ada, na wajukuu wakakaa mapajani mwao kwa sababu viti havikutosha. Chai ya maziwa ilipitishwa. Hakuna aliyefikiria kuwatenganisha watoto na babu zao, na Namkunda alipoligundua kosa hilo watu walikuwa wameshaketi.

Namkunda aliposimama kueleza, sauti ilimkwama. Daktari Kaanaeli alichukua nafasi yake akaeleza, polepole, kwa mfano wa tumbili jike aliyevunjika mguu. Hakuficha kitu.

Bibi Nakiza, aliyekuwa mkunga zamani, ndiye aliyeanza kujibu. Alisema yeye ameshaishi, asante Mungu. Jirani yake akasema chumvi yote hii aliyokula inatosha. Mwingine akasema aliwazika wengi, sasa azikwe yeye. Maneno yalipita kiti hadi kiti kama sahani ya sadaka, na hakuna aliyetaka kuonekana ameirudisha tupu. Mzee Sefania alifungua mdomo, akaufunga, akamwangalia mjukuu aliyelala begani pake. Kisha akasema, kama wenzangu.

Mzee Mbonea alisimama. Vone alimshika suruali.

"Sisi Wapare tungeishtaki hii homa," alisema, "ila wakili mliyetuletea ni Mchaga. Tutashindwa na gharama tutalipa."

Watu walicheka, hata waliokuwa wanalia. Daktari Kaanaeli, ambaye desturi ilimpa haki na hata wajibu wa kumjibu, alitazama viatu vyake.

"Tulipewa kwanza," Mzee Mbonea aliendelea. "Tulipokea, tukashukuru, tukapigwa picha. Aliyetangulia kupokea hawezi kukataa kutangulia njiani. Fanyeni mnavyoona inafaa."

Walimpigia makofi. Alikaa chini, akamfuta Vone maziwa mdomoni kwa kidole gumba, na Namkunda aliona kidole hicho kinatetemeka. Akajiambia ni uzee.

Hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Alitembea mpaka maabara akirudia hilo kichwani, kama mtu anayeshikilia kamba. Waliulizwa. Wakajibu. Aliketi mbele ya kipaza sauti cha mnara. Mezani vilikuwepo vichupa viwili, cha Mama Mkwe na cha baba yake, protini moja isiyopishana hata herufi.

"Zinafanana," alisema.

Taa ikawa nyekundu. Neno likishatolewa mnara unajifunga, na hakuna wa kuufungua, hata aliyelitoa.

*

Asubuhi baba yake alikuwa ameamka kabla yake. Alikuwa amevaa koti la kanisani na amempikia Vone uji. Alimwelezea Namkunda matuta ya juu yavunwe lini, tangawizi ipi iachwe kwa mbegu, na kwamba yule mnunuzi wa bondeni apewe kiti lakini asipewe mzigo kabla hajalipa. Alizungumza bila kupumzika. Namkunda aliitikia kila kitu. Usiku kucha alikuwa ametunga sentensi, na sasa zote zilionekana kama zimeandikwa na mtu mwingine. Alitaka kumshukuru. Kila alipoanza alijikuta anamuuliza kama uji una sukari.

Kulikuwa na ukungu. Nyumba za jirani zilikuwa kimya, milango wazi, na kwenye kila baraza palikuwa na mzee aliyevaa vizuri.

Mnara ulinyamaza kwanza. Watu hawakuwahi kuusikia ukinyamaza, na ukimya ule uliwafanya waangalie juu. Kisha ukaanza kuita, sauti nyembamba, karibu tamu.

Mzee Mbonea alimwambia Vone akawatazame kuku kama wametaga. Mtoto akakimbia, bakuli mkononi. Alipotoweka nyuma ya nyumba mzee alishika mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, akaukandamiza kama mtu anayejaribu kuzuia mlango.

Namkunda alipiga magoti mbele yake. Aliweka kiganja juu ya kile cha baba yake. Chini yake ngozi ilikuwa imeanza kupata joto.

"Baba," alisema. "Ulisema vizuri sana jana. Kila mtu amesema."

Mzee alimtazama. Uso wake, uliokuwa umevaa tabasamu tangu alfajiri, uliachia taratibu, na chini yake palikuwa na mtu ambaye Namkunda hakuwahi kumwona, karibu kijana, mwenye woga.

"Sitaki kufa, Namkunda," alisema. "Jana nilisimama niseme hivyo. Nilisimama niseme sitaki."